Bendi ya ngoma ya rika zote katika mwambao wa Ziwa Victoria: mwongozo kamili wa kuandikisha wanachama na kukaa nao

Bendi ya ngoma na matarumbeta ambamo mtoto wa darasa la nne anasimama mstari mmoja na fundi cherehani wa miaka 60 ni kazi ngumu kuianzisha na ngumu zaidi kuidumisha. Katika mwaka wa kwanza wa bendi yetu hapa Mwanza tuliandikisha watu zaidi ya 40 kwa alasiri moja, katika uwanja wa mpira wa mtaani, tukarudi majumbani tukiamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Baada ya miezi 3 tulikuwa 11. Hakuna aliyegombana nasi wala aliyesema ngoma imemchosha: mmoja alikuwa na mtihani, mwingine alikuwa ziwani, wa tatu alikatazwa na mama yake ambaye hakuwahi kuelezwa mwanawe anakwenda wapi kila Jumamosi. Tulipoketi na daftari na kuwahesabu waliopotea, tuliona kwamba karibu wote walitokea milango ileile michache, na kwamba milango hiyo tungeweza kuijua kabla mkwiro wa kwanza haujagusa ngozi. Mwongozo huu umetokana na hesabu ile. Unamhusu mtu anayetaka kuanzisha bendi ya namna hiyo, au aliye nayo tayari na anaiona ikipungua.

Fahamu kwanza unachokiunda

Wazo la kikosi cha ngoma kisicho na ukomo wa umri si geni duniani wala si geni kwetu. Marekani, ambako vikosi vya ngoma na matarumbeta vya uwanjani vimekuwa na mashindano makubwa kwa miongo mingi, chama cha Drum Corps International kilichoundwa mwaka 1971 kilijengwa kwa ajili ya vijana ambao hawajavuka miaka 22. Watu wazima waliotaka kuendelea walikuwa na chama chao, Drum Corps Associates, mpaka vyama hivyo viwili vilipoungana na daraja la rika zote likaanza kushindanishwa chini ya paa moja katika msimu wa 2024. Jambo la kujifunza kwao ni kwamba vikosi vya rika zote hufanya mazoezi mwisho wa juma, kwa sababu wanachama wana kazi na familia, na wala havidai maisha yote ya mtu. Kikosi cha vijana kinaweza kumchukua kijana miezi miwili mfululizo. Kikosi cha rika zote kikijaribu hivyo kitawapoteza wazazi kwanza, na watoto wao baadaye.

Kwetu sisi kuna urithi wa karibu zaidi. Ngoma za beni zilizoanzia mwambao wa Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 19, zikaenea Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, zilikuwa na gwaride, vyeo, sare na pande zenye ushindani mkali, Marini na Arinoti zikiwa mashuhuri kuliko zote. Watu hawakukaa katika beni kwa ajili ya muziki peke yake: chama kilimuuguza mwanachama, kikamzika, kikampokea alipofika mji mgeni. Huku Usukumani nako tunajua Wagalu na Wagika, wachezaji wa vyama viwili vya ngoma, ambao desturi yao ya mashindano ni kucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na ushindi huenda kwa upande uliovuta watu wengi zaidi. Anayetaka kuyaona hayo aende Kisesa, katika makumbusho ya Bujora, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni. Desturi hiyo ina funzo la moja kwa moja kwa mwandikishaji, kwa sababu mtazamaji anayesogea karibu tayari ameanza kuandikishwa.

Hatua ya kwanza: hesabu nafasi kabla ya kuhesabu watu

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuandikisha watu 40 tukiwa na ngoma 9. Mtu anayesubiri zamu yake kwa saa nzima huku akitazama wenzake wakipiga hawezi kurudi mara ya tatu, hata kama hatasema sababu. Orodhesha vyombo vyote mlivyo navyo: ngoma kubwa ya besi, ngoma ndogo za kupigwa kwa mikwiro miwili, matoazi, matarumbeta, kayamba, manyanga, bendera. Andikisha watu wasiozidi wawili kwa kila chombo, na anayezidi umwandike katika orodha ya wanaosubiri, umwambie waziwazi kwamba ataitwa lini.

Vibao vya mazoezi huongeza nafasi kwa gharama ndogo sana. Seremala yeyote anaweza kukukatia kipande cha ubao cha mraba, kila upande sentimita 25 hivi, na juu yake ukabandika mpira wa ndala kuukuu au wa tairi. Mikwiro hurudi kutoka kwenye mpira karibu kama inavyorudi kutoka kwenye ngozi, jirani hasumbuki, na mwanachama huenda na kibao nyumbani. Vibao 20 vilitusaidia kuliko ngoma yoyote tuliyonunua.

Hatua ya pili: panga ratiba kwa kalenda ya ziwa, ya shamba na ya shule

Hapa ndipo bendi nyingi hufia, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa kirefu. Mtu wa mjini anayeandika ratiba ya mazoezi hudhani kwamba majuma yote yanafanana. Katika mwambao huu hayafanani hata kidogo.

Anza na mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza, kwa sababu taa zao ndizo zinazowavuta dagaa, na mbalamwezi inapokuwa kali taa hizo hupoteza nguvu na mitumbwi hupumzika. Vijana wa Mwaloni, Igombe au visiwani watakuwa huru kwa siku kadhaa kuzunguka mwezi mpevu, kisha watatoweka. Ukiandika kwamba mazoezi makuu ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, utawapata kwa bahati tu, kwa kuwa mwezi mwandamo una siku 29 au 30 na haufuati kalenda ya ukutani. Sisi tulihamisha mazoezi makuu, yale ya bendi nzima pamoja na gwaride, kwenye Jumapili iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu. Mazoezi madogo ya safu hufanyika katika majuma mengine, na mvuvi asiyekuwepo haandikwi kuwa mtoro. Mabadiliko hayo peke yake yaliwarudisha vijana 4 ambao tulikwisha kuwakatia tamaa.

Kalenda ya pili ni ya shule. Darasa la saba wanafanya mtihani wa taifa Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kidato cha sita Mei. Usimsubiri mzazi akuletee habari kwamba mtoto hatakuja. Wewe mwenyewe mwandikie mzazi mwezi mmoja na nusu kabla ya mtihani, umwambie kwamba bendi inamwachilia mtoto mpaka tarehe fulani na kwamba nafasi yake haitachukuliwa na mtu. Mzazi aliyepokea barua ya namna hiyo huwa mtetezi wa bendi kwa miaka mingi, maana amezoea kuona shughuli za nje zikipigania muda wa masomo, na sasa ameona moja inayoulinda.

Ya tatu ni ya mvua. Wanachama wengi wa Buhongwa, Igoma na Kisesa wana mashamba, wengine Misungwi au Magu, na mvua za kwanza zinaponyesha mwishoni mwa mwaka hakuna anayecheza. Wazee wetu waliliweka jambo hili sawa zamani, kwa kuweka ngoma kubwa baada ya mavuno. Msimu wenu wa maonyesho na uwe kati ya Juni na Agosti, ambapo pia kuna likizo ya shule, Saba Saba na Nane Nane. Miezi ya kilimo muitumie kwa mazoezi mafupi ya vibao na kwa kutengeneza vyombo.

Kuhusu siku ya juma, ukichagua Jumamosi umewafungia mlango Wasabato, ambao katika kanda hii si wachache, na ukichagua Jumapili asubuhi umewafungia Wakristo wengine. Jumapili kuanzia saa 10 alasiri mpaka saa 12 jioni imetufaa kuliko siku nyingine yoyote. Jua letu huzama saa 1 kasoro hivi, kwa hiyo watoto hufika nyumbani kabla ya giza. Mwezi wa Ramadhani tunaacha kutembea juani na kufanya mazoezi ya kukaa, na tunayafupisha ili anayefunga awahi futari kwake.

Hatua ya tatu: andikisha nyumba nzima

Onyesho dogo la wazi ndilo linaloanza. Chagua mahali ambapo watu wanapita bila haraka kubwa: uwanja wa mtaa jioni, nje ya viwanja vya Furahisha siku ya shughuli, au karibu na soko baada ya kelele za asubuhi kupungua. Kabla ya hapo onana na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na kama mtatembea barabarani toeni taarifa polisi mapema. Pigeni kwa dakika 20, si zaidi. Kisha ngoma 3 ziachwe mbele bila mtu, na mwanachama mwenye uso wa upole asimame kando yake akiwa na mikwiro ya ziada mkononi. Watu hawaji kwa sababu ya hotuba. Huja kwa sababu mkwiro umewekwa mkononi mwao. Mtoto atakuwa wa kwanza. Mtazame mtu mzima aliyesimama nyuma ya mtoto huyo, maana mara nyingi yeye ndiye anayetamani zaidi, na ndiye anayehitaji kuombwa.

Andika jina, mtaa na namba ya simu ya mtu mzima wa nyumba ile, kisha mfike nyumbani kwake ndani ya siku 3. Ziara hii ndiyo uandikishaji wenyewe, na lile onyesho lilikuwa hodi tu. Waende wawili, mwanamume na mwanamke, na mmoja wao awe mtu mzima ambaye wazazi wanaweza kumwamkia au kumwita mwenzao. Wenyeji wenu watakuwa na maswali manne hata kama hawatayatamka yote: mtoto atakuwa na nani, atarudi saa ngapi, itagharimu kiasi gani, na je, ngoma hii ina mambo ya uganga au ulevi ndani yake. Swali la mwisho lisikukasirishe. Katika eneo ambalo ngoma za jadi zina vyama vyake na siri zake, mlokole au sheikh ana haki ya kuuliza, na jibu bora ni kumkaribisha aje akae pembeni ya uwanja mazoezi mazima na aone mwenyewe.

Kabla ya kuondoka, mtafutie kazi mtu mmoja zaidi wa nyumba hiyo. Bibi mwenye ushonaji mzuri anaweza kushika sare. Baba ambaye ni dereva wa daladala anajua bei ya kukodi gari. Kaka mkubwa aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi anaweza kushika daftari. Mtoto aliye peke yake katika bendi hutolewa kwa neno moja tu la nyumbani, lakini nyumba yenye watu wawili ndani ya bendi hujadiliana kabla ya kumtoa. Nimeona familia ambayo kijana alihamia Dodoma kwa masomo, na mama yake akaendelea kushika matoazi miaka 3 baadaye.

Hatua ya nne: siku ya kwanza ya mgeni

Mgeni apige kitu pamoja na bendi nzima kabla ya nusu saa ya kwanza kuisha. Tunampa pigo la mguu wa kushoto peke yake: gwaride linaanza kwa kushoto, na kila kushoto inapogusa ardhi mkwiro wake nao unagusa ngozi. Hata mtoto wa miaka 7 hulipata hilo, na sauti ya bendi nzima ikimzunguka hujihisi amekuwa sehemu yake. Kazi ya vidole na viganja huja baadaye, kwenye kibao, tukianza na zoezi ambalo ni miongoni mwa mazoezi ya msingi ya wapiga ngoma wa gwaride: kulia, kushoto, kulia, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kushoto.

Kila wimbo wetu umepangwa kwa ngazi tatu. Ya chini ni mapigo ya mguu, ya kati ni mdundo wenyewe, ya juu ni mapambo ya wenye mikono mepesi. Mpangilio huu una faida kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mama aliyekosa majuma 3 akimuuguza mtoto anarudi akasimama katika ngazi ya chini siku hiyohiyo, bila kumchelewesha mtu na bila kuaibika. Bendi yenye ngazi moja ngumu humwambia kila aliyekosa kwamba amekwisha kuachwa.

Kasi nayo iangaliwe. Gwaride la haraka la majeshi na skauti huenda hatua 120 kwa dakika, na vijana hupenda hivyo. Wazee wenye magoti na watoto wenye miguu mifupi hawawezi kuhimili kilomita moja kwa kasi hiyo wakiwa wamebeba ngoma. Hatua 100 kwa dakika zinatosha na bado zina fahari. Urefu wa hatua upimwe kwa walio wafupi: vikosi vya Marekani hugawa yadi 5 kwa hatua 8, yaani sentimita 57 hivi kwa hatua, na kipimo hicho mtoto wa miaka 11 hukiweza. Asiyeweza kutembea kabisa asitolewe. Vikosi hivyohivyo huweka baadhi ya vyombo vya kugonga chini, mbele ya uwanja, na wapigaji wake hawatembei. Sisi tuna benchi la namna hiyo, na juu yake huketi wazee wawili na kijana mmoja mwenye ulemavu wa miguu, ambaye mkono wake wa kushoto ndio thabiti kuliko yote bendini.

Hatua ya tano: heshima kati ya rika

Sehemu hii haimo katika mafunzo ya ngoma ya mahali popote ninapopajua, na kwetu ndiyo iliyotaka kutuvunja. Mwaka wa pili kiongozi wa safu ya ngoma ndogo alikuwa binti wa miaka 17, hodari kweli, na chini yake walikuwapo wanaume wa umri wa baba yake. Siku moja alimsimamisha mzee mmoja mbele ya wote akamwambia kwamba anachelewesha. Alisema kweli. Mzee yule alishusha ngoma taratibu, akaiweka chini, akaenda zake, na ilituchukua miezi miwili na safari tatu za nyumbani kwake kumrudisha.

Tuliketi wazee na vijana, tukakubaliana mambo ambayo mpaka leo yanasomwa mwanzoni mwa kila mwaka, na anayeyasoma ni mzee, kwa makusudi. Nje ya mstari umri ndio unaotawala: vijana huamkia, shikamoo kwa kila mkubwa, kabla ya jambo lolote lingine. Ndani ya mstari kiongozi wa safu ndiye anayetawala, awe na umri wowote, na mkubwa akishavaa mkanda wa ngoma amekubali hilo. Kiongozi akisikia kosa haliiti kwa jina la mtu, hurudisha safu nzima, kwa maneno kama haya: “Wazee wangu, naomba turudie kuanzia pale pa matoazi.” Likijirudia, huenda kwa mhusika baada ya mazoezi, pembeni, na humwomba wapige pamoja kwa kibao. Nimegundua kwamba mtu mzima huvumilia kurudia mara 20, ila havumilii kutazamwa.

Upande wa pili wa jambo hili huwaumiza watoto, nao hawalalamiki, hivyo ni rahisi kutoliona. Mkubwa akihitaji maji au vocha humtuma mtoto aliye karibu, kama afanyavyo nyumbani. Mtoto anayetumwa mara tatu katika mazoezi ya saa mbili amejifunza kwamba yuko pale kama mtumishi, na juma linalofuata hatakuja. Kwetu ni mwiko kumtuma mtoto aliyevaa ngoma. Anayetaka maji ayafuate.

Njia bora ya kuunganisha rika tuliyoiona haikupangwa na mtu. Ngoma zetu 6 ni za ngozi, na hewa ya ziwani, hasa wakati wa mvua, huzilegeza zikawa zinatoa sauti ya kiroba. Lazima zioteshwe moto kabla ya kupigwa. Babu mmoja alikuwa anafika saa 9 kuwasha majani makavu na kuzigeuza ngoma taratibu, akizigonga kwa kidole na kusikiliza, na watoto wakaanza kufika saa 9 ili wamtazame. Sasa ni kipindi rasmi. Katika saa ile watoto hujifunza kuwamba, wazee husimulia, na wengi wao, ukiwauliza kwa nini bado wapo, huanza kukueleza habari ya ule moto.

Hatua ya sita: usalama

Mtoto kisheria ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na bendi yenye watoto na watu wazima pamoja haina budi kuwa na kanuni zisizo na msamaha. Hakuna mtu mzima anayebaki na mtoto mmoja peke yake, iwe stoo, kwenye gari au katika mazoezi ya ziada. Hakuna safari ya kulala nje bila mzazi mmoja kwa kila watoto 5. Namba 116, ambayo ni simu ya bure ya huduma kwa mtoto, iandikwe nyuma ya kila kibao cha mazoezi na watoto waelezwe ni ya nini. Mtu mzima anayenung'unikia kanuni hizi usimwandikishe.

Masikio huharibika polepole na hayarudi. Taasisi ya afya ya wafanyakazi ya Marekani inashauri mtu asikae katika kelele za desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na zikifika 100 muda huo hushuka hadi dakika 15, kiwango ambacho safu ya ngoma hukifikia kwa urahisi. Nunueni vizibo vya masikio kwa wote, watoto kwanza, na mazoezi mengi yafanyike kwenye vibao. Ngoma kubwa isibebwe na mtoto. Na kama mnafanyia mazoezi ufukweni kwa sababu ya upepo, msiwaachie watoto waingie majini kuoga baadaye, kwa kuwa kichocho kipo katika ziwa letu.

Hatua ya saba: fedha na uandikishaji rasmi

Kikundi kisajiliwe. Onaneni na afisa utamaduni wa halmashauri, na kwa shughuli za sanaa mjulishwe taratibu za BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Mjue pia kwamba mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri hulenga vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo bendi yenye mchanganyiko wa rika isijenge bajeti yake juu ya mkopo huo.

Mapato yenu yatatoka kwenye harusi, kipaimara, mahafali na ufunguzi wa majengo. Fedha hizo ndizo zitakazowagombanisha, hasa kwa sababu mtoto na mtu mzima wamepiga saa zilezile. Sisi katika kila 100,000 tunatenga 35,000 ya vyombo, 25,000 ya mfuko wa kufa na kuzikana na wa ugonjwa, na 40,000 hugawanywa sawa kwa waliokuwepo, mkubwa kwa mdogo, fungu la mtoto likikabidhiwa kwa mzazi mbele yake. Nauli hutolewa kwanza kabisa, kabla ya mgawanyo, kwa sababu anayetoka Nyamhongolo asiadhibiwe kwa umbali wake. Mweka hazina husoma hesabu kwa sauti uwanjani siku hiyohiyo, hata kama ni 6,000 tu.

Msiba wa mwanachama ni wa bendi. Tunakwenda wote, na tunapiga ikiwa tu familia imeomba. Palipo na msiba katika mtaa wa mazoezi, hata wa mtu tusiyemjua, siku hiyo ngoma hazitoki stoo.

Hatua ya nane: daftari na mlango wa kurudi

Mahudhurio yaandikwe kila mara, na kando ya jina la asiyekuwepo iachwe nafasi ya sababu. Akikosa mara moja bila taarifa, anayempigia simu si kiongozi bali ni yule anayesimama kando yake mstarini, na anachosema ni kwamba pengo lake limesikika. Akikosa mara mbili, mfike nyumbani. Msisubiri ya tatu, kwani kufikia hapo aibu ya kukosa huwa imekuwa kubwa kuliko hamu ya kurudi.

Wako watakaoondoka kwa haki kabisa: walioolewa mbali, waliohamishwa kazi, waliojiunga na chuo, waliokwenda kambi za uvuvi Ukerewe au ng'ambo ya Sengerema. Hao tunawaandika katika ukurasa wao, chini ya neno “safarini”, na hatufuti jina. Kila mwanachama ana jozi yake ya mikwiro iliyochongwa jina, na stoo yetu ina ubao wenye misumari ambapo mikwiro ya walio safarini hutundikwa. Mwanachama akirudi, iwe baada ya mwezi au baada ya miaka, asiulizwe mbele ya watu alikuwa wapi. Mwenye funguo za stoo amshushie mikwiro yake, aifute vumbi, ampe mkononi, na asogezwe aliyekuwa jirani yake ili asimame palepale alipokuwa akisimama, ngazi ya chini, mguu wa kushoto.